Laki Nane na Nusu kwa Fremu Tisa: Kisa cha Kompyuta ya Ofisini na Gemu ya 2025

Usuli

Kisa hiki kilitokea kwenye karakana yangu ya kompyuta, na sehemu kubwa ya kosa ni langu. Nimeondoa jina la mteja, mtaa anaokaa, duka lililouza kadi ya picha na jina la gemu yenyewe. Mteja nitamwita Dogo, kwa sababu hata tukikutana ndivyo ninavyomwita. Yeye huniita kaka.

Dogo ana miaka 23. Anasoma chuo hapa Dar es Salaam na anajikimu kwa kutengeneza kadi za harusi, mabango na kuhariri video za sherehe. Kompyuta yake ni ya ofisini, mtumba wa Dubai, ile ya mnara: prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i5-8500 ya mwaka 2018 yenye kori 6, yaani vichwa sita vya kufanya kazi, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 8 kwenye kijiti kimoja, SSD (hifadhi ya kasi isiyozunguka) ya GB 256 iliyojaa Windows na kazi za wateja, na diski ya kawaida ya kuzunguka ya TB 1. Kadi ya picha, ile inayochora kinachoonekana kwenye kioo, ilikuwa ya kumbukumbu ya GB 4, ya aina isiyohitaji waya wake wa umeme; inatosheka na zile wati 75 zinazopita kwenye tundu la bodi kuu. Kadi za namna hiyo ndizo zilizowafikisha wacheza gemu wengi wa mjini hapa walipo, maana pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani) ya kompyuta ya ofisini ni dhaifu na plagi zake zina mambo yake.

Kwa mashine hiyo alicheza gemu za GTA V na mpira miaka miwili, na sikumsikia akilalamika.

Bei za kadi alizikuta zimeshapaa. Mwaka 2017 kadi ya juu kabisa ya mchezaji wa kawaida, GTX 1080 Ti, ilitangazwa kwa dola 699. RTX 4090 ya 2022 ilitangazwa kwa dola 1,599, na RTX 5090 ya Januari 2025 kwa dola 1,999. Hizo ni bei za matangazo ya Marekani. Kabla kadi haijafika Kariakoo kuna usafiri, ushuru na faida ya kila mkono iliopitia. Soko la kadi zilizotumika lilipata ahueni baada ya Septemba 2022, sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoachana na uchimbaji wa kutumia kadi hizo na wachimbaji wakazimwaga kadi zao sokoni, ila nyingi kati ya hizo zilikuwa zimewaka usiku na mchana kwa miezi, na mnunuzi hana namna ya kuona hilo kwa macho.

Ombi

Septemba 2025 Dogo alikuja na simu mkononi, ukurasa wa gemu umefunguliwa. Zamu yake ya upatu ilikuwa imefika, na pamoja na akiba alikuwa na shilingi 1,150,000. Alinionyesha mstari mmoja tu: kadi ya chini kabisa, GB 6. Ya kwake GB 4.

"Kaka, nataka kadi itakayoisukuma hii. Mengine yapo."

Mengine hayakuwepo. Ukurasa uleule, kidole kimoja chini ya pale alipokuwa amegusa, ulidai RAM GB 16 na SSD. Chini zaidi, kwa maandishi madogo, ulisema kiwango hicho cha chini maana yake ni fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde, tena picha ikichorwa ndogo kwanza kisha ikuzwe ijaze kioo. Mimi niliisoma mistari yote hiyo. Ya RAM niliichukulia hatua, ya SSD nikasema tutaangalia baadaye, na ya fremu 30 sikumwambia. Nilimwona ana furaha.

Maamuzi ya kwanza na sababu zake

PS5, mashine ya gemu ya Sony, tuliiweka pembeni haraka. Bei yake mjini ilizidi mfuko wake, na asingeweza kuhariria video za harusi. Hoja hiyo bado naiona sahihi.

Kompyuta nyingine nzima tuliikataa kwa sababu isiyo na mantiki: alikuwa ameizoea hiyo. Mimi pia nilikuwa nimeshaifungua mara nyingi kiasi kwamba niliiona kama yangu.

Ikabaki kubadili kadi. Tulichukua mpya ya GB 8, ya ngazi ya chini ya kizazi kilichotoka 2023, ambayo Marekani ilitangazwa kwa dola 299. Kwa kiwango cha wakati ule hiyo ni kama 735,000. Sisi tulilipa 850,000 baada ya kupunguziwa mara mbili. Ilihitaji waya wa umeme wa pini 8, hivyo pawa saplai ya ofisini isingefaa. Tukanunua nyingine ya wati 500 pamoja na waya wa kugeuza plagi, kwa sababu bodi ile haina tundu la kawaida la pini 24: 95,000. Kijiti cha pili cha RAM, GB 8: 45,000. Gemu yenyewe dola 70, kwa kadi ya benki ikatoka 175,000. Jumla 1,165,000. Ile 15,000 iliyopungua niliitoa mimi, na ufundi sikudai.

SSD ya GB 500 ilikuwa 90,000. Hatukununua.

Leo nikiiangalia hesabu hiyo, kinachonichoma ni kwamba sikupima chochote. Nina programu za kupimia, zimekaa kwenye flashi inayoning'inia kwenye funguo zangu. Dakika kumi za kuiendesha gemu yoyote nzito kwenye mashine ya zamani zingenionyesha nani amechoka, kadi au prosesa. Niliruka hatua hiyo kwa sababu mteja alikuja na jibu tayari, na jibu lake lilinirahisishia kazi.

Siku ya kwanza

Jumamosi tulifunga kila kitu. GTA V ikaenda kama maji. Dogo akapiga picha kioo, akatuma kwa wenzake.

Gemu mpya ilikuwa zaidi ya GB 100. Kwa bando la simu hilo ni jambo la kuumiza, kwa hiyo aliipakua usiku ofisini kwa rafiki yake mwenye intaneti ya fiba, akaibeba kwenye diski ya nje. SSD ilikuwa imejaa, akaiweka kwenye ile diski ya kuzunguka.

Alipoifungua, kabla ya chochote, ikaanza kuandaa sheda. Hizo ni programu ndogo ndogo, maelfu, zinazoieleza kadi jinsi ya kupaka mwanga, ngozi, maji na vumbi. Kwenye PS5 huja zimeshaandaliwa kwa sababu mashine zote ni sawa. Kwenye kompyuta kila mchanganyiko wa kadi na dreva (programu inayoiendesha kadi) una zake, kwa hiyo prosesa yako ndiyo inayoziandaa nyumbani. Gemu nyingine huziandaa njiani, na hapo ndipo unapopata mikwamo midogo kila unapoingia chumba kipya. Hii iliziandaa mwanzoni, jambo la heshima. Ila kwa kori 6 na diski ya kuzunguka ilichukua dakika 41. Dogo alikaa akiitazama asilimia ikisimama 37 muda mrefu, akadhani imeganda, akaizima. Ilipofunguka tena ikaanza upya.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka liwakute. Duka la mtandaoni alikonunua hurudisha pesa ikiwa hazijapita siku 14 na hujacheza zaidi ya saa 2. Saa hizo huhesabiwa tangu gemu inapofunguka, si tangu unapoanza kucheza. Kwa hiyo dakika za sheda, ile ya kwanza aliyoizima na ile ya pili, zote zilikuwa zikikatwa kwenye haki yake ya kurudisha. Ukijumlisha utangulizi wa hadithi ambao hauruki, alipoanza kutembea kijijini na kuona fremu 28, mara 35, mara 19 akigeuka ghafla, muda ulikuwa umebaki robo saa. Robo saa hiyo aliitumia kwenye menyu ya picha, akishusha vivuli, akishusha nyasi.

Alipoomba kurudishiwa, alikuwa kwenye saa 2 na dakika 40. Jibu lilikuja haraka na lilikuwa hapana.

Jioni ya kupima

Saa tatu usiku nikafika kwao na flashi yangu. Mama yake alikuwa sebuleni, akaniuliza kama hiyo televisheni ya mwanawe ndiyo imeharibika tena.

Tuliwasha kipimo pembeni ya kioo, Dogo akasimama katikati ya soko la kijiji, sehemu yenye watu wengi. Fremu 31. Kadi mpya: asilimia 52. Prosesa: kori zote 6 kati ya 95 na 100. RAM: 15.2 kati ya 16. Akikimbia kuelekea mtaa mwingine, diski inapanda mpaka 100, inabaki hapo, na picha inaganda kwa muda wa kupepesa macho mara mbili.

Nikamwambia ashushe picha mpaka ukubwa wa 720, yaani nukta chache zaidi. Kila kitu kikawa na ukungu, sura za watu zikawa kama za picha ya zamani ya kitambulisho. Fremu 33.

Alinigeukia. "Mbona haipandi?"

Nilimweleza kwa chapati. Wapo wawili jikoni, mmoja anasukuma, mwingine anachoma. Prosesa ndiye msukumaji: anapanga kila mtu sokoni yuko wapi, anakwenda wapi, kikapu kikianguka kinaangukia wapi. Kadi ndiyo mchomaji, inachora. Ukishusha ubora wa picha unampunguzia kazi mchomaji, na mchomaji wetu alikuwa amekaa kitako nusu ya muda akisubiri apewe chapati. Tulinunua jiko kubwa la laki nane na nusu, na anayesukuma ni yuleyule.

Alikaa kimya. Halafu akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa: "Kwa hiyo kaka, ulikuwa hujui?"

Nikamjibu kwamba nilikuwa na uwezo wa kujua.

Tulichofanya baada ya hapo

Tulianza na kurudisha kadi. Muuzaji alikubali kuichukua kwa 600,000 akisema mali ikishatoka dukani ni used. Dogo akakataa, na nilimuunga mkono.

Njia ya pili haikugharimu kitu, na ndiyo iliyotakiwa kuwa ya kwanza tangu Septemba. Tuliichukua mikanda ya harusi iliyokwisha kukabidhiwa, ambayo haikuwa na haja yoyote ya kukaa kwenye SSD, tukaihamishia diski ya kuzunguka, gemu ikahamia SSD. Ule mgando wa kubadili mtaa ukaisha karibu wote. Sheda, baada ya sasisho lililofuata kuzifuta, zikaandaliwa kwa dakika 19.

Ya tatu ilikuwa kufunga fremu zisizidi 30. Hili Dogo alilipinga, aliliona kama kujinyima. Lakini jicho haliumizwi sana na fremu chache. Linaumizwa na fremu zisizo na mpangilio. Fremu 30 zilizopangika maana yake kila moja inakaa milisekunde 33. Fremu zinazocheza kati ya 24 na 38 zina wastani uleule, na kichwa kinauma. Baada ya nusu saa akakiri kwamba ni afadhali.

Tulijaribu pia fremu za kubuni, ambapo kadi inaangalia picha mbili halisi na kutunga moja ya kuwekwa katikati. Kipimo kikapanda hadi 58. Dogo akacheza dakika tano, akaweka kidhibiti chini. "Inaonyesha sitini, lakini mkono unasikia thelathini." Sijawahi kusikia maelezo bora ya teknolojia hiyo. Watengenezaji wa kadi wenyewe hushauri uanze na fremu zipatazo 60 za kweli ndipo uziongeze. Ukianza na 30 unapata picha laini inayochelewa kukutii.

Matokeo

Alicheza kama saa 19 kisha akaiacha. Masasisho mawili yalitoka, yakaongeza fremu tatu nne sokoni, lakini hamu ilikuwa imekwisha. Kwenye punguzo alinunua Red Dead Redemption 2, iliyofika kwenye kompyuta Novemba 2019, kwa chini ya 40,000. Inakwenda fremu 60 na zaidi, na alinitumia picha ya mawingu yake kana kwamba ameyapiga mwenyewe.

Kadi haikukaa bure. Video ya harusi ambayo zamani aliiacha itoke usiku sasa inatoka akiwa anakula. Naiweka hapa kwa sababu ni kweli. Hiyo haikuwa sababu ya kuinunua, wala si mimi niliyeifikiria.

Umeme nao ulileta yake. Mashine ikicheza, pamoja na kioo, inakula kama wati 250. Saa 4 kwa siku ni uniti 1, kwa mwezi uniti 30. Nyumba yao ilikuwa kwenye kundi la watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao uniti moja ya Luku iliwatoka takribani shilingi 122. Walikuwa wakitumia kama 60. Walipovuka 75 wakahamishiwa kundi la kawaida, takribani 356 kwa uniti. Matumizi ya kama 7,300 kwa mwezi yakawa zaidi ya 30,000. Mama alijua kabla ya Dogo.

Uchambuzi

Nilipata wiki moja tulivu mwezi Novemba, nikaomba mashine na kuirudishia ile kadi ya zamani ya GB 4, ambayo ilikuwa bado kwenye droo yangu. Gemu ileile, soko lilelile, SSD, RAM GB 16, picha imeshushwa kabisa. Fremu 24, na ngozi za watu zikichelewa kuvaa rangi kwa sababu kumbukumbu ya kadi imejaa. Kadi mpya kwa mipangilio hiyohiyo: 33. Kwa hiyo 850,000 ilimnunulia Dogo fremu 9 kwenye gemu aliyoinunulia. Picha ilikuwa safi zaidi, hilo siwezi kulikana, lakini siyo alichokuja kuomba.

Kwa nini i5-8500 iliyokuwa ikitosha ghafla ikawa haitoshi? PS5 na Xbox Series X zilitoka Novemba 2020 zikiwa na prosesa ya kori 8 na nyuzi 16 (kila kori ikishika kazi mbili kwa pamoja), kumbukumbu GB 16 na SSD. Kwa miaka kama miwili gemu kubwa nyingi ziliendelea kutengenezwa pia kwa ajili ya PS4, ambayo prosesa yake ilikuwa dhaifu hata siku ilipozaliwa, na sisi wenye mitumba tukala kwa mgongo wake. PS4 ilipoachwa, sakafu ilipanda kwa ngazi nzima mara moja. SSD haikuwa tena ya kuharakisha kufunguka tu. Gemu inaichota wakati unakimbia. Kori 6 zisizo na nyuzi za ziada zikawa chini ya mashine ya sebuleni. Kadi nazo zimeanza kukataliwa mlangoni: Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 haifunguki kwenye kadi isiyo na uwezo wa ndani wa kufuatilia miale ya mwanga, hata ukiwa tayari kuiona vibaya.

Hasira za wachezaji juu ya gemu kutoka zikiwa mbichi nazielewa, na zina historia. Cyberpunk 2077 ilitoka 10 Desemba 2020, Sony ikaiondoa dukani kwake mwezi huohuo, ikarudi Juni 2021. Lakini kwenye kisa hiki nisingependa kujificha nyuma ya watengenezaji. Gemu ya Dogo ilikuwa na mapungufu, masasisho yanathibitisha. Hata hivyo ukurasa wake ulisema SSD, ulisema fremu 30, ulisema picha inakuzwa. Siku hizi kurasa hizo husema ukweli kwa lugha inayohitaji mkalimani. Monster Hunter Wilds, ya Februari 2025, iliandika wazi kwamba fremu 60 kwenye kiwango kinachopendekezwa ni pamoja na fremu za kubuni. Mtu asiyejua maana ya maneno hayo ataona 60 na kufurahi. Mkalimani wake ni fundi, na fundi nilinyamaza.

Kilichofanya kazi ni kupima, kuhamisha gemu kwenye SSD na kufunga fremu. Vyote vitatu havikugharimu hata shilingi moja. Kuongeza RAM pia kulilipa: bila GB 16 mashine isingefika hata sokoni, na tuliiwahi, kwa sababu mwisho wa mwaka bei za RAM zilipanda dunia nzima viwanda vilipoelekeza uzalishaji kwenye seva za akili mnemba. Hapo tulibahatisha tu.

Kilichoshindikana zaidi ni utaratibu wa matumizi. Tulinunua cha ghali kwanza, cha 90,000 tukakiahirisha, cha bure hatukukifikiria. Na gemu tuliilipia kabla ya kujua mashine inasimama wapi, wakati gemu kadhaa za leo hutoa programu ya bure ya kujipimia kabla ya kununua. Sikumbuki kama hii ilikuwa nayo. Sikuangalia, na ndiyo maana sikumbuki.

Utaratibu wangu sasa umebadilika kidogo. Anayekuja kuomba kadi namwambia aache mashine siku moja, na kipimo naandika kwenye karatasi kabla ya kutaja bei yoyote. Wateja wawili wamekasirika na kwenda kwingine.

Mwezi Desemba Dogo alirudi. Ameona i7-8700 iliyotumika kwa 230,000, inaingia kwenye bodi yake, kori 6 lakini nyuzi 12. Aliniuliza itampa fremu ngapi. Nilimwambia sijui, alete mashine. Ameiacha hapa; wakati naandika haya iko mezani, kifuniko wazi, na feni yake inahitaji kusafishwa.